Selimundu si Uchawi: Jinsi Damu Inavyogeuka Mundu na Jinsi ya Kumlinda Mtoto



Ndugu msomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia katika nyumba ambamo mtoto analia usiku. Mvua imenyesha jioni, upepo wa ziwani unapita chini ya mlango, na mtoto wa miaka 4 ameshika goti akisema mfupa unauma. Hakuanguka wala hakugongwa. Wiki mbili zilizopita ulikuwa mkono. Macho yake yana umanjano. Bibi anasema mtoto ametupiwa kitu. Baba anasema katika ukoo wake hakujawahi kuwa na maradhi ya namna hiyo, maana yake mama ndiye aliyekuja nayo. Mama ananyamaza, anampaka mtoto mafuta ya moto, anasubiri kukuche.

Nyumba za namna hiyo ni nyingi kuliko tunavyodhani, nasi hupita mlangoni kwao tukienda Misa. Ugonjwa huo unaitwa selimundu. Mwezi huu tutaeleza kinachotokea hasa ndani ya damu ya mtoto huyo, kwa sababu mzazi akikielewa, ataona kwamba kila shauri la mganga wa hospitali lina sababu yake. Ataona pia kwamba bibi amekosea, na baba amekosea.

UGONJWA WA KANDA YETU

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka huko akipima damu za watu. Aliona jambo la ajabu. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, damu yenye dalili ya selimundu ilikuwa adimu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria ilikuwa ya kawaida. Akajiuliza: pwani na ziwani wana nini wanachoshirikiana? Jibu lilikuwa mbu. Mwaka 1954 alitangaza kwamba mtu mwenye urithi huo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu urithi huo ulidumu na kuenea mahali penye malaria. Uliokoa watoto wengi. Lakini mtoto anayeurithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua.

Hali hiyo ipo mpaka leo. Utafiti wa Bugando, Mwanza, uliotangazwa mwaka 2018, ulipima matone ya damu ya watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi ya nchi yetu. Karibu mtoto 1 kati ya 5 alikutwa amebeba urithi wa mzazi mmoja. Zaidi kidogo ya mtoto 1 katika kila 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Kwa Tanzania nzima, makadirio yanayotajwa ni watoto kama 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka. Hesabu basi watoto wanaobatizwa katika parokia yako kwa mwaka, nawe utajua kwamba jambo hili si la watu wa mbali.

TUANZIE JIKONI

Ili kuelewa damu, tuanzie kwenye sufuria. Supu ya makongoro ikilala usiku kucha, asubuhi unaikuta imeganda, inatetemeka ukiigusa. Ukiirudisha jikoni, inayeyuka na kuwa supu tena. Hakuna aliyeongeza kitu wala kupunguza. Kilichobadilika ni joto tu.

Sababu ni hii. Katika supu hiyo mna nyuzi ndogo mno zilizotoka kwenye ngozi na mishipa ya makongoro. Supu ikiwa ya moto, kila uzi unaelea peke yake. Ikipoa, nyuzi zinajisokota pamoja, zinakuwa kama wavu, na maji yananaswa ndani yake. Wataalamu huita vitu vya namna hiyo polima, yaani vipande vingi vidogo vilivyoungana kufanya mnyororo mrefu. Mlenda unaovutika ni polima. Pamba ya shambani ni polima. Polima nyingine zina tabia ya kuitikia: zikiguswa na joto, baridi, chumvi au hewa, zinakunjuka, zinakunjamana au zinashikana. Siku hizi wataalamu wanaweza hata kuushika uzi mmoja kwa miali ya leza, wakauvuta na kupima nguvu yake. Arthur Ashkin wa Marekani, aliyebuni kibano hicho cha mwanga, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Sasa shika jambo moja: katika damu ya mgonjwa wa selimundu kuna kitu kinachoungana na kuachana kama supu ile. Tofauti ni kwamba supu huitikia baridi, na damu hiyo huitikia kupungukiwa na hewa ya oksijeni.

PUNJE YA SITA

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya chembe nyekundu, na ndani ya kila chembe moja mna molekuli kama milioni 270 za himoglobini. Hiyo himoglobini ndiyo mchukuzi wetu wa oksijeni. Inaipakia kwenye mapafu na kuishusha mwilini kote, kama mitumbwi inavyopakia mwalo mmoja na kushusha mwalo mwingine.

Himoglobini ina minyororo minne. Chukua rozari yako mkononi: ina punje 59. Mnyororo mmoja wa himoglobini, ule unaohusika na ugonjwa huu, una punje 146, nazo huitwa asidi amino. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake kule Marekani walionyesha kwa kutumia umeme kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu ni tofauti na ya watu wengine. Miaka michache baadaye, Vernon Ingram, aliyekuwa Cambridge, Uingereza, akaona tofauti yenyewe ni nini. Ni punje moja tu, ya sita. Mahali pa punje ipendayo maji, iitwayo asidi ya glutami, imekaa punje isiyopenda maji, iitwayo valini. Nyingine zote ziko sawa.

Je, punje moja inaweza kuleta maumivu yote hayo? Ndiyo, na inakuwa hivi. Himoglobini haikai kama jiwe. Inapopakia oksijeni ina umbo moja, na inapoishusha hugeuka na kuwa na umbo jingine. Inapogeuka hivyo, ubavuni mwake panafunguka kishimo kidogo. Kwa mtu mwenye himoglobini ya kawaida kishimo hicho hakina madhara. Lakini ile punje ya valini hukimbia maji kama mafuta yanavyoyakimbia, na kishimo cha molekuli jirani ni mahali pazuri pa kujificha. Basi molekuli ya kwanza inajichomeka kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, mpaka kunakuwa na kamba ndefu. Kamba 14 zinajisokota kufanya ufito mmoja, na fito nyingi zinalala pamoja kama mzigo wa fito za kujengea.

Hapo ndipo umbo linapoharibika. Chembe nyekundu ya kawaida ni laini. Upana wake ni kama sehemu 8 za elfu ya milimita, lakini inapita kwenye vijishipa vyembamba kuliko yenyewe kwa kujikunja, kama mtu anavyokunja mkeka apite nao mlangoni. Chembe iliyojaa fito haikunjiki. Fito zinaisukuma kutoka ndani mpaka inachongoka kama mundu wa kuvunia, na jina la ugonjwa limetoka hapo. Inakwama kwenye kijishipa, nyingine zinakwama nyuma yake, na sehemu ya mbele inakosa damu. Mfupa unaokosa damu unalia. Kile kilio cha usiku ndicho hicho, ndugu msomaji. Hakuna mtu aliyemtupia mtoto kitu.

MBIO KATI YA FITO NA MAPAFU

Sasa jambo la kutia moyo. Fito hizo haziundiki papo hapo. Chembe inaposhusha oksijeni, kuna muda mfupi wa kusubiri kabla kamba za kwanza hazijashikana. Chembe nyingi huwahi kurudi kwenye mapafu kabla ya muda huo kwisha. Zikifika huko, zinapakia oksijeni upya, na hatari imepita. Hata zile zilizokwisha kuwa na fito, nyingi huyeyusha fito zao zikipata oksijeni, kama supu iliyorudishwa jikoni.

Lakini ngozi ya chembe haivumilii jambo hilo siku zote. Ikinyooshwa na kurudi mara nyingi, inachakaa na kubaki na umbo la mundu moja kwa moja. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo damu inapungua daima, na macho yanakuwa ya manjano kwa sababu ya chembe zinazovunjika.

Kwa ufupi, maisha ya mtoto huyu ni mbio kati ya fito na mapafu. Chochote kinachofupisha muda wa kusubiri, au kinachochelewesha damu njiani, kinazipa fito ushindi. Chochote kinachorefusha muda huo au kuharakisha safari kinampa mtoto ushindi. Tukilishika hilo, mashauri yote yanayofuata yanaeleweka.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Maji. Chembe ikipungukiwa na maji, molekuli za himoglobini zinasongamana, na muda wa kusubiri unafupika mara nyingi sana. Upungufu mdogo wa maji unaleta madhara makubwa. Mtoto anywe maji safi mara kwa mara mchana kutwa, hata kama hana kiu, na zaidi siku za jua kali. Akienda shule, abebe chupa yake. Mwalimu aelezwe kwamba mtoto huyu hukojoa mara nyingi, asimzuie kutoka darasani. Akiharisha au kutapika, apewe maji ya chumvi na sukari mapema, na apelekwe kituoni.

Baridi. Baridi yenyewe haiungi fito. Lakini inabana mishipa, damu inakwenda polepole, na chembe zinachelewa kufika kwenye mapafu. Mtoto avae sweta asubuhi na wakati wa mvua, asiogeshwe maji ya baridi, wala asikae ziwani kwa muda mrefu akiogelea.

Homa na malaria. Homa inakausha maji mwilini, na malaria inavunja chembe ambazo tayari ni chache. Wengine husikia kwamba selimundu ni kinga ya malaria, wakaacha neti. Kinga ile ni ya aliyerithi kwa mzazi mmoja. Mtoto mwenye ugonjwa wenyewe akipata malaria yumo hatarini kuliko wenzake. Alale ndani ya neti yenye dawa kila usiku.

Kazi nzito na mahali penye hewa haba. Mtoto acheze, lakini apumzike anapochoka. Kijana mwenye selimundu asiende kushuka kwenye duara la dhahabu. Huko chini hewa ni nzito, joto ni kali na jasho ni jingi, yaani oksijeni inapungua na maji yanapungua kwa wakati mmoja. Wazazi wa kanda hii ya machimbo, mtafutieni mtoto huyo kazi nyingine mapema. Asome, ajifunze ushonaji, duka au ufundi wa redio.

Dawa za kuongeza damu. Msimpe dawa yenye madini ya chuma kwa kuona tu amepauka, mpaka apimwe. Damu yake inapungua kwa kuvunjika, na mara nyingi si kwa kukosa chuma. Vidonge vya foliki ndivyo ambavyo mganga humwandikia kwa kawaida.

DAWA ZILIZOPO

Mama wengi huuliza: kwa nini mtoto alikuwa mzima miezi ya mwanzo, ugonjwa ukaja baadaye? Sababu ni kwamba mtoto aliye tumboni ana himoglobini ya namna nyingine, ya kichanga, isiyokuwa na ile punje mbaya. Hiyo haiingii kwenye kamba. Ikichanganyika na nyingine, inazuia fito zisiundike. Baada ya kuzaliwa inapungua polepole, na kuanzia kama miezi 6 dalili zinaanza. Mara nyingi ya kwanza ni kuvimba vidole au viganja na nyayo, kwa maumivu.

Dawa iitwayo haidroksiyurea hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: inauamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya kichanga. Mwaka 1995 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba inapunguza maumivu kwa watu wazima. Kwa watoto wa Afrika, utafiti uliofanyika Uganda, Kenya, Angola na Kongo ulitangazwa mwishoni mwa mwaka 2018. Ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Bugando nako wameitumia kwa watoto walio katika hatari ya kupooza. Dawa hii inatolewa na daktari tu, na damu ya mtoto hupimwa mara kwa mara. Haifai kwa mama mjamzito. Usiinunue dukani kwa kusikia kwa jirani.

Zaidi ya hiyo, mtoto mdogo hupewa penisilini kila siku mpaka afikishe miaka 5, kwa sababu bandama lake, ambalo ni askari wa mwili, huharibiwa mapema na chembe zinazokwama. Chanjo zote azipate kwa wakati.

Je, kuna kupona kabisa? Kupandikiza uloto kutoka kwa ndugu anayelingana naye kunaweza kuponya, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kazi hiyo kwa watoto wa selimundu mwaka 2023. Mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kurekebisha urithi wenyewe ndani ya chembe za mgonjwa, lakini gharama yake bado ni kubwa mno. Anayekuuzia chupa ya mitishamba na kukuahidi kwamba utapona kwa wiki tatu, mwulize kwanza amewezaje kuibadilisha punje ya sita.

USISUBIRI KUKUCHE

Mpeleke mtoto hospitali saa hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya: homa kali, kifua kuuma au kupumua kwa shida, kupauka ghafla na tumbo la upande wa kushoto kuvimba, mkono, mguu au upande mmoja wa uso kulegea, au kushindwa kusema, maumivu ambayo dawa ya kawaida na maji havikuyatuliza, kwa mvulana, uume kusimama kwa muda mrefu kwa maumivu. Mafuta ya moto na maombi ya usiku havizuii safari ya hospitali. Tuombe tukiwa njiani.

NDOA NA LAWAMA

Sasa turudi kwa yule baba na mama wa mwanzo. Mtoto hawezi kupata ugonjwa huu kwa urithi wa mama peke yake. Baba amechangia nusu na mama nusu, nao wenyewe wakiwa wazima kabisa, hawakujua. Wazazi wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 ya mtoto mbebaji aliye mzima kama wao, na 1 kati ya 4 ya mtoto asiye na urithi huo kabisa. Kila mimba huanza hesabu upya. Hata wakipata watoto wanne wazima, wa tano anaweza kuugua. Kumfukuza mke kwa sababu hiyo ni kumwadhibu mtu kwa kosa lisilokuwapo, na ni kumwacha mtoto wako mwenyewe bila mtunzaji.

Vijana mnaojiandaa kwa ndoa, pimeni damu zenu mapema, kabla ya matangazo kusomwa kanisani na kabla ya mahari kuhesabiwa. Kuna kipimo cha zamani ambamo tone la damu hutiwa dawa inayonyonya oksijeni, kisha huangaliwa kwa darubini kama chembe zitageuka mundu. Hicho hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Ombeni kipimo kinachotenganisha himoglobini kwa umeme, au kile cha haraka cha tone la kidoleni. Kama kituo chenu hakina, waulizeni wawaelekeze hospitali yenye nacho. Kujua hakuvunji ndoa. Kunawasaidia kuamua kwa macho wazi, mkishauriana na daktari na paroko. Mkioana, mtajua kwamba kila mtoto apimwe mara anapozaliwa, asisubiri kilio cha kwanza.

Nao wanajumuiya tuna kazi yetu. Katika jumuiya ndogo ndogo, tusiwaite watoto hawa watoto wa kufa. Zamani wengi walikufa kabla ya miaka 5, na hata sasa wako wanaokufa kwa sababu hawakupimwa. Lakini Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu tangu mwaka 2004, chini ya uongozi wa Dakta Julie Makani na wenzake, na wengi wao wamekua, wamesoma, wanafanya kazi. Mwenye jirani anayelala hospitali na mtoto, amchotee maji, amlishie wengine. Mwenye nafasi achangie damu. Tarehe 19 Juni ni siku ya selimundu duniani. Parokia inaweza kuitumia kuwaalika waganga waje kufundisha na kupima.

Yule mama wa usiku ule, basi, asisubiri kukuche tena. Ampe mtoto maji anywe, amfunike vizuri, ampe dawa ya maumivu aliyoelekezwa, na akiona dalili tulizotaja amwamshe baba waondoke. Na baba, akiamka, ambebe mtoto yeye mwenyewe.